Pedali ya Upande wa Mwalimu

Gari la shule ya udereva lina pedali mbili za breki: moja ya mwanafunzi, nyingine upande wa mwalimu, ili awahi mambo yakiharibika. Kwa miaka kumi na tisa mama mmoja, mwalimu wa udereva, alikaa upande wa pedali ya pili. Wanafunzi walimwita Mama Taratibu, maana neno hilo halikukauka mdomoni mwake tangu mtu afunge mkanda mpaka aufungue. Wengi walikuwa vijana wa miaka kumi na saba, kumi na minane, wale wanaodhani udereva ni kushika usukani kwa mkono mmoja na kutoa kiwiko dirishani. Kiwiko hicho alikichapa kofi, kikarudi ndani.

Mwanawe wa pekee alimfundisha mwenyewe, hakutaka mtu mwingine amguse. Alimkaririsha alama za barabarani jikoni, yeye akimenya viazi, kijana akijibu huku akiiba vipande vya karoti. Siku kijana alipofaulu mtihani, mama alipita mtaani kifua mbele utadhani leseni ni yake. Na tuseme ukweli, mtihani wenyewe ulikuwa wa kuzunguka koni na kurudi nyuma uwanjani, kwa mwendo ambao hata bibi mwenye mkongojo angekupita.

Siku kumi na moja baadaye, akiwa peke yake kwenye gari la mjomba wake, kijana aliingia njia panda bila kupunguza mwendo, akamgonga muuza mayai aliyekuwa kwenye baiskeli. Muuza mayai alipona, ila anachechemea mpaka leo. Kijana hakuwa amelewa wala hakuwa na simu mkononi. Alichoweza kusema ni kimoja tu: alimwona, alimwona kabisa. Mama, kwa aibu na hofu, alimwakia mbele ya mjomba na majirani, akamuuliza breki aliyomfundisha kaitupa wapi. Mwezi haukuisha, kijana akafungasha nguo zake, akaenda mji wa mbali kufanya kazi katika kiwanda cha masanduku ya kadibodi. Huko hata lifti ya gari hapandi, anatembea kwa miguu kwenda na kurudi.

Miaka mitatu sasa. Kijana hupiga simu Jumapili, huuliza afya, huuliza mvua, basi. Mama bado hupika cha watu wawili na kula kiporo chake kesho yake. Mwanafunzi mgeni akirekebisha kioo kwa vidole viwili, kama alivyokuwa akifanya mwanawe, mama hugeukia dirishani akajifanya anatazama barabara. Alimkumbuka mpaka mwili ukamuuma, na hakuwa na wa kumwambia, kwa sababu ni yeye aliyemfukuza kwa mdomo wake.

Jumanne moja asubuhi fundi wa gereji aliifungua pedali ya mwalimu kwa kuwa ilikuwa imelegea. Aliinyanyua juu akacheka. Raba yake ilikuwa imelika ikawa laini kama kiganja, na ya mwanafunzi bado ina mistari yake yote. Akauliza kwa utani ni nani hasa anayeendesha gari hili. Mama alimwambia apunguze maneno, kazi iishe. Kipuri kingepatikana mchana, na mwanafunzi wa zamu alikuwa ameshafika: binti wa fundi cherehani, miaka kumi na saba, masomo kumi na mawili, hodari. Mama akaona somo moja bila ile pedali halitamdhuru mtu. Alikosea, na alijua anakosea.

Barabara ya nyuma ya maghala ilikuwa tupu. Binti aliendesha vizuri, mikono miwili kwenye usukani, macho yakipita kwenye vioo. Walipoikaribia njia panda, mguu wa mama ulishuka wenyewe ukakanyaga sakafu. Gari likaendelea na mwendo ule ule. Mama alivuta breki ya mkono kwa nguvu zake zote, gari likayumba, likasimama pua ikiwa katikati ya njia panda. Bahati yao, hapakuwa na mtu.

Binti alikuwa ametoa macho. "Mwalimu," akasema, "hapa si huwa linapunguza lenyewe?"

Mama hakumgombeza. Alimuuliza kama amewahi kuikanyaga breki sawasawa mahali hapa. Binti akafikiri, akasema huwa anaigusa tu kidogo, na gari linatii. Ndipo mama alipouona mguu wake mwenyewe, miaka yote ile, ukishuka kabla ya mwanafunzi. Na kwa yule mmoja aliyempenda kuliko wote, ulishuka mapema kuliko kwa mtu yeyote. Kijana hakuwa ameisahau breki. Hakuwahi kupewa nafasi ya kuijua. Mama akalia mbele ya mwanafunzi, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya.

Alimrudisha binti kwao, akamweleza fundi cherehani kila kitu, kwamba masomo yataanza upya. Kisha akarudi garini, akapiga simu.

"Mama, kuna nini?" kijana aliuliza. "Leo si Jumapili."

"Nisikilize, mwanangu, usinikatize. Siku zile zote breki nilikuwa nakanyaga mimi. Wewe ulikuwa hujaijua. Kosa ni langu, halafu nikakusema mbele za watu."

Kijana alisogea mbali na kelele za mitambo ya kiwanda.

"Nilikuwa nauona mguu wako ukicheza," kijana alisema. "Nikadhani ni hofu tu. Wewe huwa una hofu juu yangu."

Mama alikubali kwamba ni hofu. Alitaka kumwambia arudi leo hii, akauma ulimi.

"Nikija," kijana aliuliza, "nitafundishwa tena?"

"Kuanzia mwanzo."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Mbele atakaa mwalimu mwingine," mama alisema. "Mimi nitakaa nyuma, mahali nisipoweza kukufikia."

Kijana hakusema atakuja lini. Alisema kengele ya kazi imelia, na kwamba atapiga tena kesho.