Nzi wa Unga wa Mahindi

Kuna aibu ambazo mtu husimulia na kuna zile anazopanga kuzikwa nazo, na hii yangu nilikuwa nimeiweka kwenye lile kundi la pili, lakini kwa kuwa rafiki yangu Abdi huisimulia kila anapopata watu wawili wa kumsikiliza, tena kwa kuongeza chumvi, nimeona afadhali niitoe mwenyewe ikiwa bado na sura yake.

Kwanza mnijue. Nilikwenda Birmingham na begi moja na diploma ya ufundi wa mitambo, nikarudi Kisumu nikafungua duka la pampu za maji ambalo leo kila mkulima wa mboga upande huu analijua (sijisifu, naeleza tu). Kule nilikuwa fundi wa matengenezo kwenye kiwanda kidogo cha vyuma pale Aston, na mashine ikikataa kuwaka hawakuwa wanamwita mtu mwingine. Wakenya wenzangu waliniita Injinia. Diploma na uinjinia ni vitu viwili tofauti, nafahamu, lakini jina walinipa wao na si adabu kumrudishia mtu zawadi.

Mambo yalianzia Ladywood, mtaa mmoja wa Birmingham, kwenye fleti ya Naliaka, Jumapili moja baada ya kanisa, ule mwaka wa mwisho kabla ya korona kuifunga dunia. Naliaka alikuwa muuguzi, mtu wa Bungoma, na nilitaka kumwoa. Yeye mwenyewe hakuwa na neno. Ila kwao mambo hupitia kwa kaka, na kaka alikuwa papo hapo Birmingham, Wekesa, aliyekuwa akiishi Hodge Hill na kufanya kazi ya kutunza wazee, mtu wa maneno machache ambaye wazazi walikuwa wamemwachia kazi ya kunipima. Bila Wekesa kupiga simu nyumbani na kusema huyu anafaa, hakuna mzee wa kwetu ambaye angepokewa kule Bungoma hata kwa kikombe cha chai. Nilikuwa nimejaribu mara moja kumwita shemeji. Alinijibu, "Niite Wekesa. Hayo mengine tutaona."

Basi siku hiyo tulikuwa mezani, sisi watatu na Abdi. Abdi ni Msomali aliyekulia Garissa, na kabla ya kufika Birmingham alipitia Uswidi, ambako walimpeleka kaskazini kabisa, kule Aktiki ambako kiangazi jua halizami, na kwa kukosa la kufanya akajifunza kuvua samaki aina ya trauti kwenye mito ya milimani. Hawavui kwa chambo. Wanatumia ndoano ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi ifanane na nzi, wanarusha mshipi juu ya kichwa, mbele na nyuma, mpaka yule nzi bandia atue juu ya maji kama amekuja kwa hiari yake. Kila mwaka Abdi alikuwa akirudi huko.

"Safari hii twendeni wote," akasema. "Nitawafundisha."

"Utamfundisha nani?" nikasema. "Abdi, mimi ni mtu wa Kisumu. Ziwa liko mlangoni. Mtu wa Garissa atanifundisha mimi samaki?"

"Garissa kuna mto," Abdi akasema taratibu.

Wekesa akainua macho kutoka kwenye sahani. "Kwa hivyo unajua kuvua."

Hapo ndipo ningepaswa kusema hapana, tukaendelea kula. Badala yake nikasema, "Nimezaliwa najua."

Ukweli ni kwamba baba yangu alikuwa mwalimu, nyumba yetu ilikuwa mbali na maji, na samaki niliwafahamu wakiwa wameshakaangwa. Nilichojua kuhusu uvuvi ni kile nilichowaona watoto wa jirani wakifanya: kijiti, uzi, ndoano, na tonge dogo la ugali. Nilipobeba sahani kwenda jikoni Naliaka aliniuliza kwa sauti ya chini, "Wewe, unajua kweli?" Nikamwambia atulie, kwamba kwenye diploma tulikuwa na somo zima la mwendo wa maji.

Tukaenda wanaume watatu, Naliaka akabaki kazini. Ndege, kisha gari la kukodi, kisha kupanda vilima kwa miguu tukiwa na mizigo mgongoni, na wangu ulikuwa mzito kuliko wote kwa sababu nilibeba sufuria, mwiko na pakiti za unga wa mahindi (pale uwanja wa ndege waliufungua, wakaunusa, wakaitana, wakaunusa tena). Abdi alisema kuna chakula cha kutosha kwenye kibanda tutakachofikia. Nilimwambia mwanaume hasafiri kwa kutegemea mkate.

Mto wenyewe ulikuwa mwembamba na maji yake meupe, ungeweza kuhesabu mawe ya chini kama unayaona kupitia dirisha. Juu ya milima kulikuwa na theluji, na sisi tuko kwenye kile wanachokiita kiangazi. Na mbu. Nimekulia Kisumu, sitishwi na mbu, lakini wale wa Aktiki huja kama wameitwa kwenye mkutano. Msimamizi wa mto, mama mmoja mrefu aliyeitwa Birgit, alitukuta kibandani akatoa masharti kwa Kiswidi, Abdi akitafsiri: nzi bandia tu, chambo cha chakula hakiruhusiwi, na kila samaki anayevuliwa anarudishwa majini akiwa hai.

"Umesikia, Injinia?" Abdi akaniuliza.

"Nimesikia," nikasema, huku nikijipiga makofi usoni.

Asubuhi iliyofuata Abdi alinikabidhi ile suruali ya mpira inayofika kifuani, ya kuingilia majini, akaniambia niukaze mkanda wa kiunoni. "Njoo kidogo nikuonyeshe kurusha." Nikamwambia amwonyeshe Wekesa. Mkanda ulinibana tumbo, nikauacha ukining'inia. Kisha nikarusha. Ndoano ikashika kofia yangu. Nikarusha tena ikashika kichaka, halafu kofia ya koti la Wekesa, ambaye alijinasua mwenyewe, na mara ya mwisho ikashika makalio ya suruali yangu mwenyewe, mahali ambapo mkono haufiki, ikabidi Abdi aje.

"Kisumu upepo hutokea upande ule mwingine," nikaeleza.

"Naona," Abdi akasema, akiwa ameinama nyuma yangu.

Kitu pekee kilichonisaidia ni kwamba hata wengine hawakuwa wakipata. Maji yalikuwa baridi mno na samaki wamenuna. Chini kidogo ya mto kulikuwa na kibanda kingine cha wavuvi wa kizungu, watu wenye vifaa vya kila aina, na wao pia walikuwa wakirudi mikono mitupu. Wekesa akawa anajifunza kwa Abdi, anarusha vizuri kuliko mimi, na kila jioni ananitazama kwa yale macho ya mtu anayejaza fomu kichwani. Nikaona Bungoma inaniponyoka.

Ndipo nikachukua kipande cha ugali uliolala, nikakitia mfuko wa kifuani, nikateremka mpaka nyuma ya jiwe moja kubwa ambako hakuna wa kuniona. Nikafinyanga tonge kama punje ya njugu, nikalibandika kwenye ndoano juu ya yale manyoya, nikalishusha majini kwa mkono tu, bila ule ufundi wa kurusha. Sikumaliza hata kufikiria. Ufito wa kuvulia ulipinda karibu uniangushe, nikapiga ukelele, na wenzangu wakaja mbio, Wekesa akiwa ameshatoa simu anarekodi. Trauti mnene kama mkono wangu. Tonge lilikuwa limeshayeyuka, na ushahidi ukaenda nalo.

Wekesa aliweka mkono begani mwangu. "Shemeji," akasema. "Kumbe."

Sikumbuki vizuri nilivyosikia baridi baada ya hapo, nadhani sikuisikia kabisa. Abdi alimtoa samaki ndoano, akamwachia aende zake (iliniuma, nilishamwona kwenye sufuria), kisha akanigeukia.

"Umetumia nzi gani?"

"Wa kwangu. Nimemfunga mwenyewe."

"Ana rangi gani?"

"Mweupe."

"Mweupe," Abdi akarudia, kama mtu anayelipima neno uzito.

Jambo hilo lingeishia hapo kama Wekesa, mtu wa maneno machache, asingeyapata maneno siku hiyohiyo. Birgit alipopita alimwonyesha video na kumweleza kwa Kiingereza kwamba shemeji yake ni mtu wa maji, amebuni nzi wake mwenyewe. Birgit alifurahi, akaomba kesho niwaonyeshe wale wavuvi wa kibanda cha chini. Nilifungua mdomo nikatae. Lakini lile neno shemeji lilikuwa bado bichi, nikahofia likirudi mdomoni mwa mwenyewe halitatoka tena. Nikasema hakuna shida.

Jioni hiyo Abdi alikuwa akichochea moto. "Injinia, kuna kitu ungependa kuniambia?"

"Hakuna."

"Sawa. Mimi nimeuliza."

Kesho yake ukingo wote ulikuwa na watu, wazungu wamekaa juu ya mawe kama darasani, Birgit amesimama mbele, Wekesa na simu yake. Mpango wangu ulikuwa rahisi: nawaonyesha nzi mwenye manyoya meupe, naingia majini, nawapa mgongo, nabandika tonge. Na ili nisiishiwe katikati ya maonyesho, nilikuwa nimeshindilia mfuko wa kifuani nusu ya ugali wa jana. Nikaanza kwa maelezo. Niliwaeleza mwendo wa maji, msuguano, shinikizo, mambo ambayo wengi wao nina hakika hawakuyasoma, na nikiwa narudi kinyumenyume huku bado nafundisha, nikakanyaga jiwe lenye utelezi.

Suruali ya mpira isiyokazwa mkanda hujaa kama mtungi. Nilikwenda chini mzima mzima, maji ya theluji yakaingia kifuani yakateremka mpaka kwenye vidole vya miguu, na mfuko ukafunguka. Abdi aliniwahi akaninyanyua kwa kwapa, na nilipofungua macho nikauona ugali wangu, vipande vyeupe vinateremka na mkondo kwa utulivu, vinaonekana vyote katika yale maji yasiyoficha kitu. Halafu wakaja samaki. Wale wale walionuna wiki nzima, kutoka chini ya kila jiwe, wakubwa kwa wadogo, wakaula ugali mbele ya hadhira yangu.

Hakuna mzungu aliyecheka. Heri wangecheka. Birgit aliinama, akaokota kipande kilichokwama ukingoni, akakisugua kwa vidole, akakinusa, akamuuliza Abdi kitu.

"Injinia," Abdi akasema, bado amenishika, "anauliza hii ni nini. Nimjibu vipi?"

Meno yalikuwa yanagongana. "Mwambie ni dawa ya mbu."

"Dawa ya mbu," Abdi akasema. "Ambayo samaki wanaigombania."

Wekesa hakushusha simu. "Ni ugali," akamwambia Birgit kwa Kiingereza. "Ni chakula chetu."

Birgit alichukua ufito wangu, akasema naweza kukaa kibandani ila nisiguse maji. Abdi alikwenda kuomba radhi kwa niaba yangu, kisha siku zilizobaki wao walivua na mimi nikapika. Wekesa alikula vizuri, na hakuniita jina lolote.

Tulipokuwa kwenye gari tukirudi uwanja wa ndege, mtandao ukashika na simu zetu zikaanza kulia.

"Wekesa," nikasema, "futa ile video ya kuanguka, tafadhali. Wazee wataniona vipi?"

"Watakuona ulivyo," akasema, na akabonyeza. Kundi lote la familia, Bungoma nzima.

Tulirudi Birmingham. Jumapili iliyofuata nikaitwa Ladywood. Naliaka alikuwa ameweka chapati mezani, hacheki, hanuni. Wekesa akanieleza kwamba simu imekuja. Mama yake ameitazama video akicheka mpaka akakaa chini, na amesema mtu anayepanda mlima wa theluji na unga mgongoni hawezi kumlaza mtoto wake njaa, kwa hiyo yeye ameridhika.

"Na baba?" nikauliza.

"Baba ameitazama mara nyingi. Hakucheka. Ana swali moja: Abdi alikuwa pale, na alitaka kukufundisha. Kwa nini hukukubali?"

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na jibu la upepo, jibu la joto la maji na jingine la ubora wa ufito. Nikamwangalia Naliaka, naye alikuwa ananiangalia kama ninavyoiangalia mashine ambayo inaweza kuwaka na inaweza isiwake.

"Sikutaka mjue kwamba sijui," nikasema.

Wekesa alikunja chapati yake, akala, akanywa chai juu yake. Mimi jasho linanitoka katika nchi ya baridi.

"Nitampigia leo," akasema mwishowe. "Nitamwambia umeweza kulisema."

Wazee wetu walikwenda Bungoma mwaka huohuo wakapokewa. Nami niliapa, na kiapo hicho nimekishika mpaka leo: jambo nisilolijua nasema silijui, palepale, kabla mtu hajamaliza kuuliza, na sidhani kuna mwanaume mwingine Kisumu hii anayeweza kulisema wazi kama mimi. Naliaka anasema hata hilo nalisema kwa majivuno.