Fulana Ishirini za Chui

Aukot Longor alibatizwa Lodwar tarehe 11 Aprili 1982, Jumapili ya Pasaka. Daftari la parokia lina majina ya wazazi wake na sahihi ya padri. Halisemi kama yeye ni jiwe au chui, na kwa miaka arobaini na mitatu jambo hilo halikumsumbua.

Kila mwanamume Mturkana huzaliwa upande mmoja kati ya pande hizo mbili. Upande wake ndio unaoamua ataketi wapi wazee wanapokula nyama. Longor, baba yake Aukot, alikuwa chui. Alifariki mwaka 1985, na mtoto akalelewa na shangazi yake mjini, karibu na uwanja wa ndege. Leo Aukot ni fundi wa pampu za visima, anayejulikana kutoka Lodwar hadi Kalobeyei.

Mwezi Juni binti yake wa kwanza, Nakaale, alichumbiwa. Wazee wa upande wa bwana harusi wakauliza swali moja tu: baba yake amepitia asapan? Asapan ndiyo tambiko linalomfanya mwanamume kuwa mtu mzima. Anamchoma mnyama kwa mkuki, kisha mzee wa upande wake anampaka mwilini majani yaliyotoka tumboni mwa mnyama huyo. Asiyepitia hawezi kumbariki binti yake. Aukot hakuwa amepitia. Siku ya harusi angeketi na watoto.

Alipanga kulifanya Jumamosi tarehe 16 Agosti, Kakuma, waliko watu wa ukoo wake. Alinunua beberu. Akamtafuta Lomorukai, mzee wa upande wa chui, akamwomba ampake; mzee akamwambia aje tu. Kisha akaenda kwa Wal, mkimbizi kutoka Sudan Kusini anayechapisha fulana karibu na kambi, akaagiza ishirini za manjano zenye kichwa cha chui.

"Huyu chui wako mbona anacheka?" alimuuliza alipozichukua.

"Nilimtoa kwenye simu, bosi," Wal alijibu. "Wa kweli alikataa kupigwa picha."

Siku ilipofika, wazee walikuwa wameshaketi kwenye mchanga wa mto Tarach, uliokauka, mawe upande mmoja na chui upande wa pili. Aukot na jamaa zake walishuka kwenye pikapu wakiwa wamevaa manjano. Akasalimu, "Ejok," akaenda moja kwa moja upande wa chui.

Lomorukai alizitazama fulana kwa muda.

"Hiyo paka umeleta ya nani?"

"Yangu, mzee. Mimi ni chui."

"Nani alikwambia?"

"Baba yangu alikuwa chui."

"Baba yako tunajua. Tulikula na yeye. Sasa kama baba ni chui, mtoto ni nini?"

Upande wa mawe ulikuwa umeanza kucheka.

"Mtoto ni jiwe," Lomorukai alisema. "Na mtoto ya jiwe ni chui. Nyinyi watu ya mjini mnasoma nini huko? Mimi siwezi kukupaka. Atiir, kuja uchukue mtu yako."

Atiir, mzee wa upande wa mawe, alimwambia avue fulana. Beberu akachomwa mkuki, na Atiir akampaka Aukot majani kuanzia kifuani hadi miguuni. Alikuwa akimsimulia habari za babu yake, ambaye Aukot hakuwahi kusikia hata jina lake. Babu alikuwa jiwe. Alikuwa na dume jeupe la ng'ombe alilolipenda kuliko wake zake, ndiyo maana wakamwita Apalokwang, yaani baba wa dume jeupe.

"Alikuwa anaimbia hiyo ng'ombe kila asubuhi," alisema Atiir. "Sauti mbaya sana."

Aukot alimwambia kwamba alikuja kumtafuta baba yake.

"Baba yako tafuta kwa vijana yako. Hao ndio chui."

Wakati wa maombi majina ya marehemu yaliitwa moja moja, na watu wakaitikia. La Apalokwang lilitangulia la Longor. Aukot aliitikia yote mawili.

Mkewe, Akiru, mwanakwaya, alimpa maji ya kunawa. "Miaka ishirini na miwili nimeolewa na chui," alisema, "leo narudi Lodwar na jiwe. Labda jiwe halikoromi."

Nakaale atafunga ndoa Lodwar Jumamosi, tarehe 13 Desemba 2025. Baba yake atambariki, kisha ataketi upande wa mawe. Fulana zitavaliwa na wanawe wawili na marafiki zao.