Mikono ya Dada Yangu

Juzi, nyumbani kwangu Nyamasaria, binti yangu alikuwa akijizoeza kuzungumza mbele ya darasa. Mwalimu amewaambia watumie mikono, wapandishe na kushusha sauti. Nilitoka nje kidogo. Nilimkumbuka dada yangu.

Tulikulia Usenge, miaka ya themanini. Jioni, omena, dagaa wa ziwani, zikishaanuliwa na harufu yake ingali mikononi mwetu, nyanya alimwambia dada atusimulie mambo ya ufuoni. Rafiki yangu, ungemwona! Alisimulia kwa Kijaluo, vidole vikawa wachuuzi wanaogombania samaki, viganja vikawa mashua. Sauti ilishuka hadi ukasikia kuni zikipasuka, kisha ikalipuka, sote tukaruka. Nyanya alisema mtoto huyo ana midomo mitatu, mmoja usoni na miwili mikononi.

Shuleni, Kiswahili kilikuwa kigeni kwetu sote. Dada alikizungumza vilevile, kwa mikono na mahadhi ya nyumbani, na darasa zima likamwelewa. Ndipo mwalimu wa Kiswahili akamchagua kwa mashindano ya kuzungumza jukwaani kule Kisumu. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka ashinde.

"Mikono nyuma," alimwambia kila jioni. "Tazama ukuta. Na si samba, ni shamba. Sema."

"Samba."

"Tena."

Mimi nilikwenda na kwaya, kwa hiyo nilimwona. Alisimama wima jukwaani, mikono nyuma, akiongea kwa sauti nyembamba nisiyoijua. Alipolifikia lile neno, akanyamaza. Mabega yalitikisika, mikono ilitaka kutoka, naye akaibana.

"Endelea, mama," jaji mmoja alimwambia kwa upole.

Watoto wa mjini walianza kucheka. Dada akashuka.

Kesho yake mwalimu alikuja nyumbani, akakataa kuketi. "Mama, huyu msichana hakukosea," alimwambia mama yetu. "Mimi ndiye niliyemfunga." Dada alikuwa jikoni. Alisikia, hakutoka.

Jioni nyanya akamwita. "Haya, tupe habari za Kisumu."

Dada aliikalia mikono yake. "Tulifika salama, tukarudi salama."

Hakusimulia tena. Nyanya aliendelea kumwomba kwa muda, halafu akaacha, tukawa tunakula na kulala mapema.

Nyanya alipofariki, miaka ya tisini, wajukuu tuliitwa kuzungumza kando ya jeneza. Dada alinisukuma mbele taratibu. "Sema wewe."

Nilisema. Watu walisikiliza kwa heshima, nami nilijua nyanya anazikwa bila kuagwa na sauti aliyoipenda.