Shuka la Mama Mdogo na Kiua cha Asubuhi

Nilipokuwa mtoto, tukiishi Pugu, nyuma ya nyumba yetu palikuwa na mfereji wa maji ya kuogea, na kando yake kiliota kiua kidogo cha buluu. Kilichanua alfajiri, na jua likipanda tu kilikuwa kimeshajikunja. Wengi walikifyeka kama gugu. Bibi yangu mzaa mama, aliyetoka Lindi na mizigo miwili na miiko isiyohesabika, alikiita kiua cha asubuhi, na hakutaka kukiona karibu na nyumba yenye bi harusi.

"Hiki hakioni adhuhuri," alituambia. "Kikigusa nguo ya mwali, na ndoa yake haioni adhuhuri."

Mimi niliamini. Kwa Bibi uliamini kwanza, maswali baadaye.

Mwaka mama mdogo Salma alipoposwa, alitarizi shuka jeupe kwa mkono wake mwenyewe, maua pembe zote nne. Ndilo lingetandikwa kwenye kitanda cha maharusi, na wanawake wa upande wa mume wangelikagua mpaka uzi wa mwisho. Siku moja kabla ya ndoa, Bibi aliamka mapema akalifua. Kamba zote zilikuwa zimejaa nguo za wageni waliofika kutoka Lindi, basi akafanya kama walivyofanya ujanani mwake: akalitandaza juu ya majani kando ya mfereji. Macho yake yalikuwa yameshaanza kupungua nguvu. Hakuona alichokifunika.

Alipoliinua, lilikuwa na madoa ya buluu, mengi, katikati kabisa. Mwenye mwiko ndiye aliyeuvunja. Bibi aliketi chini palepale, shuka mapajani.

"Harusi isogezwe," alisema.

Mama yangu alitoka jikoni mikono ikiwa na unga. "Mama, wageni wote hawa sie tuwaambie nini? Na wakwe je? Watadhani tumemkataa kijana wao."

"Waambieni naumwa."

Na ingesogezwa. Neno la Bibi halikuwa na rufaa nyumbani kwetu. Mama mdogo Salma, ambaye siku ile hakutakiwa hata kutoka chumbani, alitoka. Hakubishana. Alilichukua shuka mapajani mwa mama yake, akalitumbukiza kwenye beseni la maji, na machozi yakimtoka akaanza kutafuta sabuni. Kabla hajaipata, rangi ilikuwa inaondoka. Maji matupu yaliibeba yote.

"Mama, njoo uone."

Bibi alilishika, akaligeuza huku na huku, akalisogeza karibu na macho.

"Doa limetoka," alisema. "Mkosi je?"

Aliingia ndani, nami nikamfuata, maana nilikuwa mkia wake. Alikuwa amekaa kwenye mkeka.

"Bibi, harusi ipo?"

"Mie naogopa, mjukuu wangu. Ila mwanangu kampenda yule. Hofu yangu nitakaa nayo mwenyewe."

Akajifunga khanga vizuri, akatoka uani, akawauliza wanawake kwa nini mchele bado haujachambuliwa.

Siku hizi nashona nguo Kinondoni. Ninaye mteja mmoja, mama wa Kijapani, ambaye siku moja aliinama kando ya mtaro mbele ya duka langu akakishika kiua kilekile. Alisema kwao kipo kiua kinachofanana nacho. Mafundi wa kutia vitambaa rangi huchorea michoro yao ya mwanzo kwa rangi yake, kwa kuwa kazi ikiisha maji huufuta mchoro wote. Na watu wao wa kale, akaongeza, walikitaja waliposema juu ya mapenzi yasiyodumu. Nilicheka mpaka akanishangaa. Bibi hakuwahi kuvuka hata Rufiji zaidi ya safari chache, na alikuwa amesema maneno ya watu hao.

Mama mdogo na mumewe wako Goba hadi leo, wanagombania rimoti kila jioni. Bibi alimalizia uzee wake kwao, miguu ikiwa imekataa. Kwetu mkwe na mama mkwe hukaa mbalimbali kwa heshima, lakini mume wa mama mdogo kila asubuhi alimbeba Bibi mpaka barazani, akamfunika miguu, akamuuliza kama chai imekolea. Niliwakuta hivyo siku moja, nikamwamkia Bibi. Badala ya kuitikia aliniambia, huku mkwe wake anasikia, "Huyu nusura nimkose kwa woga wangu."

Hakuacha miiko yake hata mmoja. Siku ile aliogopa kwelikweli, akaiacha harusi iendelee, na akala pilau pamoja nasi huku akiogopa. Nimekuwa mama sasa, najua uzito wa hofu ya namna ile, nami namshukuru.