Mguu wa Kusimama

Pale machimboni walimwita Bapa, na hakuna aliyekumbuka nani alianza. Jina lilitoka miguuni. Ilikuwa mipana mbele kama sepetu, vidole vimeachana, kila kimoja na uwanja wake. Mvua ikinyesha, wenzake waliona nyayo zake kwenye tope la njia ya kupandishia kokoto, wakasema, "Bapa kashapita, sisi tumechelewa." Alizaliwa nayo mipana kidogo, lakini si hivyo. Miaka kumi na tano ya kubeba karai la mawe kichwani, peku, juu ya mwamba, ndiyo iliyoifungua miguu ile kama mkono unavyofungua donge la udongo.

Na katika miaka hiyo, saba ya mwanzo hakubeba kwa ajili ya tumbo lake. Alimbebea mume. Mume alikuwa anasomea ukarani, na masomo hayali upepo. Bapa alipandisha kokoto, mume akapandisha madarasa. Siku alipopata meza yake ya kwanza alileta wageni wa ofisini nyumbani. Bapa alipokaa nao, mume alimwinamia sikioni, huku akiwatabasamia wageni, akamwambia, "Ficha miguu chini ya kiti." Akaificha. Miezi minne baadaye akafichwa yeye mzima: alirudishwa kwao, na pale penye kiti chake akakaa fundi cherehani mdogo aliyejua kuvaa viatu vya kisigino. Mfadhili mbuzi utakunywa mchuzi, wahenga walisema. Huyu hata mchuzi hakumwachia.

Lakini si hilo lililomnyima Bapa usingizi. Mume anaondoka, watu wanazoea. Lilikuwa suala la mtoto. Binti yao alikuwa na miaka minne, na wazee wa pande zote mbili walikaa kumwamulia. Bapa hakukaa kwao; alikuwa analala chumba kimoja na wanawake wengine watano wa machimboni. Karani alikuwa na nyumba ya saruji.

"Simkatazi," karani alisema, akaweka mkono kifuani kama mtu mwema. "Mtoto halali chumba cha watu sita. Siku akipata nyumba yenye mlango wake mwenyewe, aje amchukue. Wote mmesikia."

Mjomba wake Bapa, ndugu wa mama yake, akaitikia kwa kichwa. Hilo hakulisahau. Miaka minane ikapita akimwona mwanawe Jumapili, langoni, wamesimama, kama watu wanaoulizana njia.

Ndipo likaja tangazo la msitu. Bapa hakujua kusoma. Alisomewa na mwanamke aliyepima kokoto, ambaye alisoma kwa sauti ya juu ili wote wasikie kwamba anajua. Walitakiwa walinzi wa msitu, wanawake wanne. Watakimbia njia ya mlimani, kupanda na kushuka, na wanne wa mwanzo ndio watakaoajiriwa.

"Na kila mlinzi," msomaji aliongeza, "atapewa nyumba ya vyumba viwili kambini."

"Rudia hapo," Bapa akasema.

"Vyumba viwili."

"Vina mlango?"

"Wewe umeona wapi nyumba haina mlango? Sikiliza na hili sasa, maana linakuhusu. Viatu vya kufunika mguu, vivaliwe tangu kuanza hadi kumaliza. Kuna mtu alikanyaga chupa mwaka juzi."

Wanawake wakacheka wakitazama chini. Bapa naye akatazama chini.

Njia ile aliijua kama mfuko wa gauni lake. Kila siku ya mapumziko alipanda kutafuta kuni. Kukimbia hakukumtisha. Kilichomtisha ni kiatu.

Alizunguka soko la mitumba Jumamosi tatu. Alitaka raba za mlimani, zile zenye soli ya meno, na kwa urefu alikuwa namba arobaini, hana matata. Lakini kila kiatu alichoingiza kilimbana pale vidole vinapoanzia, kikamkamata kama mlango uliofungwa na upepo. Muuzaji mmoja alichuchumaa, akasukuma, akavuta, akatoka jasho.

"Dada," akasema, "hiki ni kiatu, si begi."

"Basi nitafutie begi lenye kamba."

"Wewe saizi yako ni mtumbwi."

"Nipe huo mtumbwi nijaribu. Ukivuja nitakurudishia."

Akacheka, akampa namba arobaini na tatu ya kiume. Hiyo iliutosha mguu kwa upana, vidole vikapumua. Bapa akaomba ajaribu kwenye kile kilima cha taka nyuma ya soko. Kupanda, kiatu kilikwenda vizuri. Kushuka, mguu uliteleza ndani kwenye ule urefu uliobaki, kucha zikagonga mbele, na ncha tupu ya kiatu ikajikwaa kwenye kila kilichokuwa chini. Akarudi na kidole kinatoka damu.

"Kinatosha, sivyo?" muuzaji akauliza.

"Kinamtosha mtu mwingine."

Mwishowe alichukua namba arobaini, akaipeleka kwa fundi viatu. Fundi alikuwa mzee mwenye kofia, aliyekaa kwenye baraza la duka la vifaa vya shule, mbele yake msharasi wa kutobolea ngozi, makopo ya gundi na kigoda cha mteja. Alikuwa mtu mwangalifu, wala hakucheka.

"Nitakifungua pembeni pande zote mbili," akasema. "Nitatia ngozi laini, nishone kwa uzi wa nta. Kaa hapo nikupime."

Bapa akakaa kigodani. Fundi akaweka kipande cha boksi chini, akauweka mguu juu yake kwa upole, akauzungushia penseli. Hivyo ndivyo alivyopima siku zote: mteja amekaa, fundi amechuchumaa. Watu walikuwa wakimsifu kwa hilo, kwamba hawasimamishi wateja. Baada ya siku tano Bapa alivaa viatu vile akiwa amekaa palepale, akatembea mpaka mwisho wa baraza na kurudi. Havikumbana. Alikuwa karibu kulia, akajizuia, akasema tu, "Mkono wako haujambo, mzee."

Jumapili alikwenda langoni kwa karani, akamwonyesha binti viatu, akamweleza habari ya msitu.

"Ukipata hiyo kazi," binti akauliza, "nije na begi langu lote au nusu?"

"Lote."

"Na mto?"

"Mto wa nini, na mimi nina mkono?"

Binti akacheka, kisha akatazama nyuma asije akasikika. Alikuwa na miaka kumi na miwili sasa, na alisimama kwa kuegemea kingo za nje za nyayo, kama mtu aliye juu ya sakafu ya moto. Bapa aliona hilo, lakini akili yake siku hiyo ilikuwa mlimani.

Siku ya mbio walitokea wanawake thelathini na mmoja. Wengine walikuwa wasichana wenye magoti mapya. Bapa akawaacha watangulie, na kwenye mpando wa pili akaanza kuwaokota mmoja mmoja. Aliyebeba karai miaka kumi na tano hafundishwi kupanda. Kileleni, penye kibao, alikuwa wa pili.

Ubaya ukaja wakati wa kushuka. Kila hatua uzito wote wa mwili ulimwangukia mguuni, na mguu, kama ulivyozoeshwa, ukatafuta kujitandaza. Ngozi ya fundi ilinyooka kidogo, kisha ikagoma. Uzi haukukatika. Ungekatika ingekuwa heri. Kwanza vidole vikachoma, kisha vikafa ganzi, kisha hakujua tena anakanyaga wapi. Akaanguka mara mbili, akapitwa na wawili. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Waliompita waliona mwanamke mwenye viatu vizuri anayechechemea.

Akaketi juu ya mzizi, akafungua kamba, akavivua. Akavining'iniza shingoni, akakimbia peku, na mara ardhi ikawa ardhi. Alimpata aliyempita mwisho, akampita. Akawa wa tatu. Alipanga vizuri: kabla ya kona ya mwisho, mahali wasimamizi wasipomwona, atavivaa, na zile hatua mia mbili zilizobaki atazivumilia hata kama ni moto.

Kwenye kona akaketi. Mguu ulikuwa umevimba. Akausukuma, ukaingia nusu. Akalegeza kamba zote, akashika kisigino, akasukuma kwa mikono miwili, akausemesha kama mnyama aliyegoma kuingia zizini. "Ingia. Ingia, nakuomba." Mwanamke mmoja akapita. Akaendelea kusukuma. Akasikia vishindo vya mwingine nyuma, karibu kabisa. Basi akainuka hivyo hivyo, viatu shingoni, akakimbia, akafika wa nne.

Bwana misitu aliyesimamia mbio alikuwa ameshika kalamu. Aliitazama miguu yake kwa muda mrefu.

"Mama, viatu."

"Hivi hapa."

"Vinatakiwa miguuni."

"Nimefika wa nne."

"Nimeona," akasema, na hakusema kwa ubaya. "Mimi mwenyewe nimekuona." Kisha akauliza jina la yule wa tano, akaliandika.

Bapa hakubishana. Aligeuka, akaondoka uwanjani, akakata mitaa mpaka baraza la fundi viatu. Njiani alikuwa anapanga matusi, akichagua, akiacha madogo. Hakujua kwamba binti, aliyetoroka nyumbani kuja kutazama, alikuwa anamfuata nyuma akichechemea.

Akavitupa viatu mbele ya mzee. "Umenimaliza. Nyumba yangu umeishona wewe, ukaifunga."

Mzee aliviokota. Alivigeuza, akakagua mishono mizima, akaona damu ndani. Akapekua nyuma ya makopo, akatoa kile kipande cha boksi chenye mchoro wa mguu wake, akakiweka chini.

"Kaa. Kanyaga."

Bapa akakaa, akakanyaga. Hata ulivyovimba, mguu haukutoka nje ya mstari ila kidogo.

"Simama."

Akasimama. Mguu ukamiminika nje ya penseli, kulia na kushoto.

"Beba hilo." Alimwonyesha sanduku lake la zana. Bapa akaliinua, akalitia kichwani bila ngata, na mguu ukasogea tena, upana wa kidole kizima. Wote watatu wakautazama, maana binti naye alikuwa ameshafika barazani.

Mzee akavua kofia. "Miaka arobaini napima watu wamekaa," akasema. "Watu wa kukaa." Akaiweka kofia juu ya makopo. "Nisamehe, dada. Kosa ni langu."

Bapa alikuwa na matusi mdomoni na hakujua ayaweke wapi. Miaka minane alikuwa anangoja mtu mmoja amwambie neno hilo, na sasa limesemwa, na aliyelisema siye aliyemngojea. Akatua sanduku chini taratibu.

"Mama," binti akasema. "Begi nisilete?"

"Liache kwanza."

Binti akaitikia kwa kichwa. Hakulia. Alijiketisha kigodani, akavua kiatu chake cheusi cha shule, na mguu ukatoka umekunjamana, kidole kidogo kimelala juu ya mwenzake, ngozi imekufa pembeni. Ulikuwa mpana mbele kama sepetu. Bapa aliutazama kama mtu aliyekutana na sura yake barabarani.

"Tangu lini?"

"Mama wa kule kwa baba anasema vitalegea. Anasema nikiendelea kuvivaa, mguu utapata umbo."

Fundi alikuwa ameshachana kipande kipya cha boksi. Akakiweka chini, akauchukua mguu wa binti, akashika penseli.

"Simama, mwanangu," Bapa akasema.

Binti akasimama juu ya boksi, mwepesi. Bapa akaenda nyuma yake, akaweka mikono yake miwili juu ya mabega yale madogo, akakandamiza kidogo, kama karai lisilojaa.

"Sasa chora," akasema.