Maji ya mvua aliyokinga Mama Nashipae, na nywele za mtoto wetu

Wakuu, salamu kutoka Kitengela. Hii sikuambiwa na jirani, imetendeka kwa nyumba yangu. Mkiona nimeongeza chumvi, ni ile ya maji ya borehole, kisima chetu cha hapa.

Mimi nauza viatu vya mtumba hapa sokoni. Kila kitu nahesabu mara mbili. Mke wangu, mzaliwa wa Kajiado, alikuwa ananicheka: "Baba Nashipae, wewe hata ukipewa baraka utaomba uongezwe."

Mtoto wetu Nashipae yuko class two. Nywele yake ni ile laini ya kujikunja. Ukiikosea kidogo inafura kama pamba imetoka kwa mto. Aliyeiweza ni mamake pekee.

Sheria yake ilikuwa moja: maji ya Kitengela haigusi hiyo nywele. Ukiichemsha, sufuria inabaki nyeupe ndani kwa chumvi. Sasa fikiria kichwa cha mtoto.

Kwa hivyo alikuwa anakinga mvua kwa drum ya blue, anafunika. Jumamosi anachota. Conditioner, kichana cha meno mapana, anaanzia kwa ncha akipanda juu polepole. Mtoto alikuwa anasinzia akichanwa.

Kisha akafariki. Hapo sitaeleza, aliyezika anajua.

Drum ilibaki imejaa.

Mvua iliporudi, niliisukuma ikatoka chini ya gutter ya paa. Sikutaka maji mapya ichanganyike na yake. Ndio, najua vile inasikika.

Jumamosi ikawa ni yangu, na maji ya mfereji. Wakuu, nimebargain na watu wagumu, lakini hiyo nywele ilinikataa. "Daddy, polepole!" Machozi, na nywele zikibaki kwa kichana. Nilinunua kila chupa niliyoelekezwa. Nywele ikakauka, ikasimama, pembeni ikaanza kukatika.

Halafu nikaona drum inapungua.

Nilikuwa nimeweka alama ndani. Nikapima na kijiti, nikapima tena. Nikamwendea jirani, Mama Kim, nikamuuliza kama anafulia maji ya marehemu.

"Baba Nashipae, mimi nikitaka kuiba si ningeiba viatu zako? Lakini hata hizo nusu hazina pea."

Asubuhi moja nikasimama nyuma ya mlango. Akatoka Nashipae, ameshavaa uniform, kikombe mkononi. Akainua kifuniko, akachota, akajimwagia kichwani. Halafu akaanza kufungua mafundo na vidole, kuanzia kwa ncha, vile mamake alikuwa anafanya.

"Unafanya nini?"

Akaruka. "Daddy, usikasirike. Nachotanga kidogo tu. Mum alisema hii ni ya nywele yangu."

Nikachukua kikombe mkononi mwake, nikamchotea.

Tulianza kuitumia, Jumamosi baada ya Jumamosi. Mikunjo ikarudi, ile ile ya mamake. Siku ya mwisho niliinamisha drum, kikombe kikakwaruza chini. Mtoto alienda kujiangalia kwa kioo akiimba. Mimi nikabaki huko nje na drum, nikalia.

Baadaye nikampigia mama mkwe Kajiado. "Mama, maji yake imeisha."

 Akasema, "Niletee mtoto. Niko na tanki ya mvua. Hata mamake akiwa mdogo nilimwosha nywele na hiyo, hapa hapa."

Nilichojifunza: nilikuwa nalinda maji, na aliyewekewa anachota kwa kuiba. Kitu marehemu alimwachia mtu, mpe huyo mtu.

Drum nimeirudisha chini ya gutter. Iko tupu, ukiigonga inalia. Kila nikipita naigonga.

Wenye watoto wa nywele kama hii, mvua ikichelewa nyinyi hufanyaje? Na kama kuna mtu hapa bado amefunika kitu cha marehemu, aandike pia. Hakuna mtu atakucheka, labda Mama Kim.