Punje Zilizosuuzwa

Tajelsir alikuwa na mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Miaka ishirini na sita alifanya kazi katika maabara ya mji mmoja mdogo wa Jazira, huko Sudani. Alipokea vipande vya nyama vilivyokatwa miilini mwa wagonjwa, akavigandisha katika nta, akavikata vyembamba, kisha akampelekea Dakta Nimat avitazame kwa darubini. Watu walimpenda kwa mizaha yake. Hawakujua kwa nini hakula mkate wenye habasoda, zile mbegu ndogo nyeusi.

"Mwanamume mzima unaogopa mbegu!" mkewe alimkejeli.

Alicheka, akatoka nje. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuwa amehamia kwake kabisa. Punje nyeusi alizikuta hata katika mashapo ya kahawa.

Zilianza miaka tisa nyuma, siku msichana mmoja, Awadiya, alipoleta mwenyewe chupa ya kipimo chake, zikiwa zimebaki siku nne aolewe. Mikono yake ilikuwa imepakwa hina nyeusi, mguu wa kulia umepambwa maua ya hina, wa kushoto umefungwa kitambaa. Chupani, chini ya kipande cha nyama ya unyayo, zilikuwa zimezama punje ndogo nyeusi.

"Bibi harusi," Tajelsir alitania, "hina yako imetufuata mpaka kwenye chupa!"

Awadiya aliona haya, akacheka. Alipoondoka, Tajelsir aliisuuza ile nyama mpaka ikatakata, punje zikaenda na maji. Dakta hakuona kuvu ya mguu, ile inayojikusanya katika punje nyeusi, akaandika hivyo. Mtu akiletewa kilichooshwa ataona nini? Karatasi ya maabara ikishakataa, nani abishe? Awadiya akatibiwa jipu.

Miaka mitatu baadaye mfupa ulikuwa umeoza. Mguu ulikatwa hospitali ya mbali, na jamaa zake wakauzika siku ileile, kama ilivyo desturi, bila kipande kupelekwa maabara yoyote. Tajelsir alizipata habari hizo sokoni, na papo hapo akaelewa alichokuwa amekisuuza. Akanyamaza. Aliogopa, basi, nisimpambe.

Sasa Awadiya alikuwa amerudi kwa magongo, na tezi iliyotolewa kinenani mwake ilikuwa chini ya darubini.

"Kifua kikuu cha tezi," Dakta Nimat alisema, akishika kalamu.

"Na kuvu je, Dakta?"

"Kuvu ya wapi, Ami? Sioni hata punje moja. Na ile nyama ya mguu ilikuwa safi, nimeisoma mwenyewe."

Tajelsir alijua maana yake. Awadiya angemeza dawa za kifua kikuu miezi na miezi, na kuvu ikipanda. Mguu ulikwisha kuwa udongo. Aliyezijua zile punje ni yeye tu.

"Haikuwa safi," alisema. "Niliisafisha mimi."

Dakta Nimat aliiweka kalamu chini. Uso ulimbadilika, lakini hakupiga kelele. "Kata tena," alisema. "Shuka ndani ya tezi mpaka uzipate."

Alikata kipande baada ya kipande. Kwenye kipande cha kumi na tisa wembe ulikwaruza kitu kigumu. Dakta alitazama, akaziona punje, akaichana karatasi yake, akaandika nyingine.

Tajelsir hakusubiri kutumwa. Alimfuata Awadiya kwenye benchi la nje, akakaa, akamwambia yote bila kuficha.

"Nilidhani ni hina, mwanangu."

Awadiya alitikisa kichwa.

"Mguu ule haukupakwa hina, Ami. Ulikuwa unauma, sikutaka uguswe. Walinipaka wa kulia tu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa naanza kukwambia," alisema Awadiya, akivuta magongo yake karibu. "Ukawa umeshacheka. Na wewe ni mkubwa wangu, nikacheka na mimi."